Ahadi za ofisini na kisanduku cha “HAKUNA”: kisa cha kuruti mmoja wa Jeshi la Marekani

Kijana tunayemchambua hapa ni wa mfano. Hana jina, na ametungwa makusudi ili fomu na sheria zionekane zikifanya kazi juu ya mtu mmoja. Fomu zenyewe, vifungu, miaka na viwango vya kisheria si vya kutunga.

Ana miaka 19. Anaishi Marekani kwa grinikadi, yaani ukaazi wa kudumu. Bado hajawa raia. Amemaliza sekondari, akasoma chuo mwaka mmoja, akakwama kwa karo, na sasa anadaiwa mkopo wa dola 12,000. Alipokuwa na miaka 14 aliandikiwa dawa ya kuvuta kwa ajili ya pumu. Anapenda kompyuta na angetaka kuzifanyia kazi. Ameingia ofisi ya uandikishaji ya Jeshi la Nchi Kavu, sajenti akampokea vizuri, na baada ya vikao vitatu ametoka na haya: mkataba ni wa miaka minne, bonasi ni dola 20,000, jeshi litamlipia mkopo, na juu yake atapata GI Bill, yaani mpango wa serikali wa kuwalipia masomo waliotumikia jeshi, uraia atapewa akiwa mafunzoni, fani ya kompyuta haina nafasi wiki hii, achukue udereva wa malori, aingie kwanza, atabadilisha akishafika. Na ile pumu? Kwenye fomu ya afya aandike “hapana”.

Wiki moja baadaye amekula kiapo, amepangiwa kuondoka baada ya miezi minne. Wiki ya sita anakaa chini kusoma karatasi zake, moyo unamwingia shaka, anampigia sajenti simu kusema hataki tena. Jibu analopewa: umeshakula kiapo, usipotokea siku hiyo wewe ni mtoro, utakamatwa.

Kati ya kauli hizo saba, ile ya mwisho ni uongo usio na chembe ya ukweli. Ile ya pumu ni ushawishi wa kutenda kosa. Tano zilizobaki ni za aina nyingine, na ndizo zinazowaumiza wengi: kila moja ina ukweli ndani yake, ila imekatwa mkia. Mkia uliokatwa ndio sharti.

Anayeahidi siye anayeandika

Jambo la kwanza ambalo kijana hakuelezwa ni mpangilio wa kazi. Sajenti wa ofisini hauzi mkataba. Kazi yake ni kumtafuta mtu, kumchuja, kukusanya vyeti vyake na kumfikisha MEPS, kituo cha kupokea wanaoingia majeshini. Viko 65 nchini Marekani. Huko ndiko anakofanya ASVAB, mtihani wa kupima uwezo, ambapo mwenye cheti cha sekondari anayeingia Jeshi la Nchi Kavu huhitaji kwa kawaida alama 31 za AFQT, sehemu ya mtihani huo inayoamua nani anafaa kuingia. Huko ndiko anakopimwa na madaktari na kuchukuliwa alama za vidole. Kisha anakaa mbele ya mshauri wa ajira, mtu mwingine kabisa ambaye hajawahi kumwona, mwenye kompyuta inayoonyesha fani zilizo wazi siku ile. Mkataba hutoka kwenye meza hiyo. Maneno ya ofisini hayakusafiri naye.

Fomu ya mkataba inaitwa DD 4. Kifungu chake cha 8, sehemu ya c, kinasema kwamba makubaliano yaliyomo humo pamoja na viambatisho ndizo ahadi zote ambazo serikali imempa mwandikishwa. Kisha herufi zinabadilika kuwa kubwa: chochote kingine ambacho mtu yeyote amemwahidi SI HALALI NA HAKITATEKELEZWA. Pembeni kuna mahali pa kuweka herufi za mwanzo za jina, kuthibitisha kwamba amesoma.

Ukifika kifungu cha 13, katika matoleo ya fomu yenye nafasi hiyo, unakuta kitu ambacho wengi hukipita bila kukitazama. Kinasema: ahadi au dhamana nyingine zozote nilizopewa na mtu yeyote zimeandikwa hapa chini. Panafuata nafasi tupu. Kwenye mabano kuna maelekezo kwamba kama hakuna, weka alama ya X penye neno HAKUNA, kisha herufi zako. Kijana wetu, mwenye ahadi tano kichwani, aliambiwa “weka X hapa, na hapa, na saini pale”. Akaweka. Kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya nusu dakika, akawa ametamka kwamba hakuna mtu aliyemwahidi chochote nje ya karatasi.

Nafasi ile haikuwekwa kwa urembo. Mtu akiandika hapo, “Sajenti ameniambia nitahamia fani ya kompyuta nikifika”, mshauri hawezi kuendelea kana kwamba hajaona. Ama ahadi hiyo ina msimbo wake na itaingia kwenye kiambatisho, ama ataambiwa waziwazi, mbele ya kalamu, kwamba jeshi haliahidi kitu cha namna hiyo. Kwa vyovyote vile kijana anaujua ukweli kabla ya kusaini.

Minne ambayo ni minane

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza hubeba wajibu wa jumla wa miaka 8, na fomu ya DD 4 inalisema hilo. Mkataba wa miaka minne maana yake ni minne ya kazi kamili na minne mingine katika jeshi la akiba, kwa kawaida kundi liitwalo IRR: hakuna mazoezi ya kila mwezi, hakuna mshahara, lakini jina lako limo kwenye orodha na unaweza kuitwa. Hili si la kinadharia. Katikati ya mwaka 2004, vita vya Iraq vikiwa vimepamba moto, Jeshi la Nchi Kavu lilitangaza kuwaita watu wapatao 5,600 kutoka orodha hiyo, watu waliokwisha kuvua sare.

Kifungu cha 9 kinaongeza lingine: sheria zinazohusu wanajeshi zinaweza kubadilika bila mwandikishwa kuarifiwa, na mabadiliko hayo yakagusa hadhi yake, mshahara, posho na majukumu yake hata kama mkataba unasema vingine. Baada ya Septemba 2001 maelfu ya askari walizuiliwa kuondoka ingawa muda wao ulikuwa umekwisha, kwa utaratibu ulioitwa stop-loss. Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilipitisha fidia ya dola 500 kwa kila mwezi waliozuiliwa. Kwa hiyo sajenti anayesema “minne tu, kisha uko huru” ametaja nusu ya hesabu. Na anayesema “hutapelekwa vitani” anaahidi kitu ambacho hata jenerali hana mamlaka ya kukiahidi.

Fani

Hapa kijana amechezewa kwa ustadi zaidi. Fani aliyoitaka, 25B, ya teknolojia ya habari, inahitaji kibali cha usalama cha kiwango cha siri, na kibali hicho hupewa raia. Mwenye grinikadi hawezi kukipata. Kwa hiyo “haina nafasi wiki hii” ni sentensi inayoficha sababu yenyewe: hata wiki ijayo isingekuwa na nafasi kwake, wala mwezi ujao, mpaka awe raia. Mwandikishaji anayejua kazi yake analijua hilo tangu siku ya kwanza anapoona kadi ya ukaazi.

“Utabadilisha ukifika” nayo ina mizizi kidogo ya ukweli: kuhama fani kupo. Lakini kwa kawaida huja wakati wa kuongeza mkataba, au jeshi lenyewe linapotaka kuhamisha watu, si kwa ombi la kuruti aliyetoka mafunzoni. Kilichomo kwenye kiambatisho cha kijana ni 88M, udereva wa malori, na ndicho atakachofanya. Isitoshe, kinachodhaminiwa hata hapo ni mafunzo ya fani hiyo. Akifeli kozi, jeshi humpanga kwingine kwa mahitaji yake, na mkataba unabaki palepale.

Kama uraia ndio mlango wa fani anayoitaka, ushauri wa haki ungekuwa: ama subiri, upate uraia kwa njia ya kawaida kisha uje uchague, ama ingia ukijua kwamba miaka ya mkataba huu ni ya lori. Wapo ambao wangekubali hilo la pili kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba hakupewa nafasi ya kulikubali.

Fedha, kwa kalamu na karatasi

Tuanze na bonasi. Dola 20,000 hazitolewi siku ya kusaini. Bonasi ya kuandikishwa hulipwa mtu akishamaliza mafunzo na kuripoti kwenye kikosi chake cha kwanza, na kiasi kikubwa huweza kugawanywa kwa miaka. Kodi ya serikali kuu hukatwa asilimia 22 papo hapo, kwa hiyo 20,000 inakuwa 15,600 kabla ya kodi ya jimbo, kama ipo. Akiondolewa kabla ya muda kwa sababu inayomhusu, sheria inaruhusu serikali kudai sehemu ambayo hajaitumikia. Januari 2022 jeshi lilipotangaza bonasi ya hadi dola 50,000, tarakimu hiyo ilikuwa kilele cha kujumlisha vivutio kadhaa kwa mtu anayesaini miaka sita katika fani fulani. Neno “hadi” ndilo lililobeba mzigo wote wa tangazo, nalo ndilo linalodondoka kwanza mtu anaposimulia kwa mdomo.

Mkopo na GI Bill ndipo penye hasara kubwa kuliko zote, na ndipo watu wengi waliostaafu jeshi hugundua wakiwa tayari wamesimama dirishani kwa msajili wa chuo.

Mpango wa kulipiwa mikopo, unapotolewa, hulipa kila mwaka mtu anapoumaliza kazini: theluthi moja ya deni la msingi au dola 1,500, ipi ni kubwa. Kwa deni la 12,000 ni dola 4,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, zikiwa zimekatwa kodi. Riba haimo. Hata mwaka wa kwanza haulipwi mwanzoni bali mwishoni, kwa hiyo deni linaendelea kudai.

GI Bill ya baada ya 9/11 hutoa miezi 36 ya masomo, lakini asilimia unayopata hutegemea muda uliotumikia. Miezi 36 ya kazi kamili humpa mtu asilimia 100. Kuanzia miezi 6 hadi chini ya 18 humpa asilimia 60. Sasa sikiliza sharti ambalo sajenti hakulitaja: miaka mitatu iliyolipiwa mkopo haihesabiwi kwenye GI Bill. Kijana akitumikia minne, mitatu imeliwa na mkopo, umebaki mwaka mmoja, yaani miezi 12. Asilimia 60.

Bila mpango wa mkopo angekuwa na asilimia 100 ya karo ya chuo cha umma cha jimbo, pamoja na posho ya nyumba na ya vitabu, kwa miezi 36. Amebadilisha asilimia 40 ya vyote hivyo kwa dola 12,000 zilizokatwa kodi. Kwa mwenye deni la dola 60,000 hesabu inaweza kugeuka ikamfaa. Kwa huyu haimfai hata kidogo, na sajenti aliyefunga vitu viwili kwenye sentensi moja, “mkopo tutalipa na GI Bill utakuwa nayo”, hakusema jambo lisilokuwepo. Vyote viwili vipo. Vinakulana tu.

Anayetaka vyote viwili kamili ana njia moja: kutumikia miaka mitatu mingine baada ya ile mitatu ya mkopo.

Uraia

Mlango upo kweli, na ni mpana. Kwa amri ya rais ya Julai 3, 2002, kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 kilitangazwa kuwa kipindi cha uhasama, na kifungu cha 329 cha sheria ya uhamiaji humruhusu anayetumikia kwa heshima katika kipindi hicho kuomba uraia bila kungoja miaka mitano ya ukaazi. Hakuna ada.

Lakini ni kuomba. Kuna fomu N-400, kuna fomu N-426 ambayo jeshi huthibitisha utumishi wako, kuna uchunguzi wa historia ya mtu, kuna usaili wa Kiingereza na elimu ya uraia. Na mlango huo umewahi kupunguzwa upana usiku mmoja: Oktoba 2017 Wizara ya Ulinzi iliweka sharti kwamba N-426 isithibitishwe mpaka mtu amalize siku 180 za kazi, na waliosaini kwa matumaini ya kuapishwa uraia mafunzoni wakajikuta nje. Agosti 2020 mahakama ya shirikisho mjini Washington, katika kesi ya Samma, ilibatilisha sharti hilo. Makuruti waliosaini kati ya tarehe hizo mbili waliishi ndani ya pengo lililokuwa kati ya maneno ya ofisini na sera ya wizara.

Jingine ambalo halisemwi: uraia uliopatikana kwa njia hii unaweza kufutwa ikiwa mtu ataachishwa jeshi kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Na asiyefuatilia fomu zake haji kutafutwa. Wapo waliotumikia, wakamaliza, hawakukamilisha maombi, wakapata kesi uraiani, wakafukuzwa nchini wakiwa na kumbukumbu za utumishi wao mkononi. Kwa kuruti mwenye grinikadi, neno “otomatiki” likitoka kinywani mwa mwandikishaji, amwombe amwonyeshe lilipoandikwa.

Pumu

Kwa mujibu wa viwango vya afya vya Wizara ya Ulinzi, historia ya pumu baada ya kutimiza miaka 13 humwondolea mtu sifa. Kijana alitibiwa akiwa na 14. Hilo halimaanishi mlango umefungwa: kuna kibali cha msamaha, ambacho daktari wa MEPS hakitoi, kinatolewa na jeshi lenyewe baada ya kupitia kumbukumbu za hospitali, na mara nyingi baada ya kipimo cha kupumua. Kinachukua muda. Na muda ndio kitu ambacho sajenti hana, kwa sababu hesabu yake inafungwa mwisho wa mwezi.

Ndipo linapozaliwa “andika hapana, hawatajua”. Kwanza, siku hizi watajua. Tangu Machi 2022 vituo vya MEPS vinatumia mfumo wa kumbukumbu za afya uitwao MHS GENESIS, unaoweza kuvuta kumbukumbu za hospitali na maduka ya dawa ya kiraia. Dawa ya kuvuta iliyochukuliwa miaka mitano nyuma huweza kuonekana kwenye skrini ya daktari huku fomu ikisema “hapana”. Ushauri uliokuwa ukipita mwaka 2010 leo unamkamatisha mtu mlangoni.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, uongo huo unageuza nani ana kosa. Kuingia jeshini kwa kudanganya ni kosa chini ya kifungu cha 104a cha sheria za kijeshi, adhabu yake ikifika hadi miaka miwili gerezani na kufukuzwa kwa aibu. Anayemwandikisha mtu akijua hastahili anakabiliwa na kifungu cha 104b, hadi miaka mitano. Sheria, kwa hiyo, inamwona mwandikishaji kuwa mkosaji mkubwa zaidi. Lakini aliyeandika “hapana” ni kijana, saini ni yake, na sajenti atasema hakuwahi kumwambia hivyo. Hakuna karatasi inayomshuhudia kijana.

Tatu, amejifungia njia ya kutokea. Kanuni ya Wizara ya Ulinzi kuhusu kuachisha askari inatambua kitu kiitwacho mkataba wenye kasoro: pale mtu alipopotoshwa kwa jambo la msingi na waandikishaji, akaamini kwa sababu za busara, akaingia kwa ahadi ambayo hakustahili, au pale alipopewa ahadi ya maandishi ambayo jeshi haliwezi kuitimiza. Askari anaweza kuomba kuachiwa kwa sababu hiyo. Masharti ni matatu: asiwe ameshiriki kwa kujua katika kuitengeneza kasoro hiyo, aitaje ndani ya siku 30 tangu aigundue au tangu alipopaswa kuigundua, na aombe kuachiwa badala ya marekebisho mengine.

Lisome sharti la kwanza tena ukimfikiria kijana wetu. Hata kama ahadi ya fani ingekuwa imeandikwa na jeshi likashindwa kuitimiza, mkataba huohuo sasa una kasoro nyingine aliyoitengeneza yeye, kwa kalamu yake, kwa kushauriwa. Jeshi litaanza na hiyo. “Hapana” moja ya ofisini imemnyang'anya haki ya kulalamikia yote mengine.

Jambo la kufanya wakati huo lilikuwa rahisi. MEPS humhoji kila mwombaji faraghani, mwandikishaji akiwa hayupo, na moja ya maswali ni kama kuna mtu aliyemwambia afiche jambo lolote. Wengi huogopa kumwangusha sajenti aliyewanunulia chakula cha mchana. Usaili ule uliwekwa kwa ajili ya hali hiihii.

Kwa nini inatokea

Si haki kuwachora waandikishaji wote kama matapeli. Wengi ni askari wazuri waliotolewa kwenye vikosi vyao bila kuomba, wakapewa lengo la kila mwezi linaloitwa misheni, na wanafanya kazi saa nyingi mno. Wengi husema ukweli na hupoteza watu kwa sababu hiyo. Lakini shinikizo lina kanuni zake, na mwaka 2005 ulizionyesha wazi.

Mwaka huo wa fedha Jeshi la Nchi Kavu lilihitaji watu 80,000, likapata 73,373. Katika majira ya kuchipua, mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 17 huko Arvada, Colorado, aliyejifanya ameacha shule na anatumia bangi, aliwarekodi waandikishaji wakimwelekeza kupata cheti bandia kwenye intaneti na kumsaidia kununua dawa ya kusafisha mwili kabla ya kipimo. Huko Houston, kijana mwingine aliachiwa ujumbe wa simu na mwandikishaji: usipofika kwenye miadi, hati ya kukukamata itatolewa. Sauti ilisikika kwenye televisheni. Mei 20, 2005, jeshi lilisimamisha uandikishaji nchi nzima kwa siku moja ili kuwafundisha upya waandikishaji wake maadili.

Mwaka 2006 GAO, chombo cha ukaguzi cha Bunge la Marekani, kilitoa hesabu: madai na matukio ya utovu wa waandikishaji katika majeshi yote yalipanda kutoka takribani 4,400 mwaka wa fedha 2004 hadi 6,500 mwaka 2005, yaliyothibitishwa kutoka zaidi ya 400 hadi karibu 630. Tofauti kati ya 6,500 na 630 haimaanishi kwamba waliobaki walisema uongo. Maneno ya mdomo hayaachi ushahidi, na fomu ikishawekwa X penye HAKUNA humkana mlalamikaji. GAO ilisema pia kwamba wizara haikuwa na takwimu za kutosha kuujua ukubwa wa tatizo. Mwaka 2022 upungufu ulirudi, wa watu wapatao 15,000 kati ya lengo la 60,000. Lengo linapokuwa mbali, masharti huanza kudondoka kwenye sentensi.

Kujitoa kabla ya kuondoka

Turudi kwenye simu ya wiki ya sita. Kiapo alichokula kijana kilimwingiza kwenye programu ya kuchelewesha kuingia, DEP, ambayo kwa kawaida inaweza kufika siku 365. Yumo kwenye jeshi la akiba bila malipo. Hayuko chini ya sheria za kijeshi, kwa hiyo neno “mtoro” halimhusu. Hawezi kukamatwa kwa kutoondoka. Kanuni zinaruhusu aachiwe kwa ombi lake mwenyewe, na kanuni za uandikishaji zinakataza kumtisha. Sajenti anaruhusiwa kumwomba abadili nia. Kumwambia atafungwa, au kwamba hatapata kazi ya serikali maisha yake yote, au kwamba grinikadi yake itafutwa, haruhusiwi.

Anachohitaji ni barua, ya ukurasa mmoja, kwa kamanda wa kikosi cha uandikishaji, siyo kwa sajenti. Ndani yake jina kamili, tarehe aliyoingia DEP, tarehe aliyopangiwa kuondoka, sentensi moja kwamba anaomba kuachiwa, na sababu kwa maneno machache. Kwa kijana huyu, sababu ya kwanza kuandika ni pumu, pamoja na maelezo kwamba fomu ya afya haikujazwa sawa na anataka kuisahihisha. Kulisema mwenyewe kabla ya kuondoka ni tofauti kubwa na kugunduliwa nalo mafunzoni. Kabla ya kuituma azungumze na washauri wa GI Rights Hotline, ambao hushauri bure, na kwa kuwa si raia, azungumze pia na mwanasheria wa uhamiaji juu ya jinsi ya kuliandika hilo la fomu. Aitume kwa posta ya kusainiwa, abaki na nakala na risiti. Hahitaji kwenda ofisini kuijadili, na akiitwa halazimiki kwenda. Ujumbe wowote wa vitisho auhifadhi, kwa sababu huo, tofauti na ahadi za mdomo, ni ushahidi. Unapelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa jeshi au kwa mbunge wake wa Bunge la Marekani.

Na siku ya kuondoka asiende MEPS, hata kwa lengo la kueleza ana kwa ana kwamba hataki. Pale mlangoni kuna basi, kuna watu wenye sare, kuna wenzake wanaocheka kwa woga, na kuna chumba chenye bendera ambamo wote husimama na kuinua mkono wa kulia kwa mara ya pili. Kiapo cha DEP kinaweza kufutwa kwa barua. Kile cha chumba kile ndicho kinachomweka chini ya sheria za kijeshi.